Kuanzia Sehemu ya Kumi

Liko swali ambalo kwa juu juu ni la watoto, lakini ukilichimba unakuta ni la watu wazima. Swali lenyewe ni hili: hadithi ndefu iliyoanza kusimuliwa kabla hujafika, je, ni halali kuiingilia katikati? Au yakupasa kwanza urudi nyuma uanzie mwanzo, uje polepole hadi walipofika wenzako, ndipo upate haki ya kuipenda na kuisemea?

Swali hili nililetewa na vijana. Mjukuu wangu, mwanafunzi wa sekondari, alipokuja likizo hapa Litumbandyosi alibeba mashine ya PlayStation 2 iliyokwisha tumika, pamoja na diski moja tu ya gemu liitwalo Final Fantasy X. Kijana wa jirani, rika lake, alikataa katakata kulicheza. Hoja yake ilikuwa kwamba namba ya Kirumi kwenye jalada ni kumi, kwa hiyo yapo tisa yaliyotangulia, na msomaji mwenye adabu haanzi kitabu kwenye sura ya kumi. Mjukuu wangu akamjibu kwamba hizo tisa hana, wala hajui atazipata lini. Je, asicheze kabisa? Walibishana hata wakaniletea shauri: "Babu, tuamulie." Mwalimu, hata akistaafu, hajui kukataa shauri la namna hiyo. Nikawaomba muda, nikaketi nao jioni nyingi kuutazama mchezo wenyewe, na nikauliza habari zake kwa wanaozijua.

Kwanza tuyaweke sawa mambo yalivyo. Gemu la kwanza la mfululizo huo lilitolewa nchini Japani mwezi Desemba 1987 na kampuni ya Square, chini ya uongozi wa Hironobu Sakaguchi. La kumi lilitoka mwaka 2001, na la kumi na sita mwaka 2023. Kwa sehemu kubwa kila namba ina dunia yake, watu wake na msiba wake. Vinavyojirudia ni vitu vidogo vidogo: fuwele zenye nguvu, ndege mkubwa wa kupandwa aitwaye chocobo, na mtu aitwaye Cid ambaye karibu kila mara ni mtu mwingine mwenye jina lile lile.

Tena liko jambo la kuchekesha. Huko Marekani gemu la pili, la tatu na la tano hayakuuzwa kwa wakati wake. Kwa hiyo la nne lilipofika huko mwaka 1991 liliitwa la pili, na la sita lilipofika mwaka 1994 liliitwa la tatu. Mwaka 1997 likaja la saba likiwa na namba yake halisi, na watoto wa Marekani wakajikuta wametoka la tatu wakarukia la saba. Watoto wale walikuwa wameanzia katikati bila kujua, huku jalada likiwahakikishia kwamba wako karibu na mwanzo. Walilia mahali pa kulia, wakacheka mahali pa kucheka. Je, tuwafuate leo tuwaambie kwamba machozi yao hayakuwa halali?

Na huo mwanzo anaoutaka kijana wa jirani uko wapi hasa? Mwaka mmoja kabla ya gemu lile la kwanza, yaani 1986, lilitoka jingine huko huko Japani liitwalo Dragon Quest, ambalo ndilo lililofungua njia. Nyuma ya yote mawili kuna mchezo wa mezani wa Marekani, Dungeons & Dragons, wa mwaka 1974. Na nyuma ya huo kuna ngano za kale za mazimwi na mashujaa ambazo hazina mwaka. Namba moja ni mahali ambapo mtu fulani alianza kuhesabu. Sisi wa Mbinga hatuhitaji kwenda Japani kulielewa hilo. Tazama mashamba ya ngolo katika milima ya Umatengo: yale mashimo yaliyopangwa kwa mistari ubavuni mwa mlima, yanayokamata maji ya mvua na kuuzuia udongo usiteremke bondeni. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa kukatiza, mwanamke anazifukia kwa udongo anaouchimba katikati, kisha maharage yanapandwa, na msimu unaofuata mahindi. Hakuna mkulima aliyewahi kuliona shimo la kwanza. Kila mmoja aliukuta mlima umekwisha chimbwa, akapewa jembe, akaanza pale alipoonyeshwa.

Hata hivyo nisingependa kumshinda kijana wa jirani kwa haraka, kwa sababu hoja yake ina kiini cha kweli. Mifululizo haifanani. Iko iliyo kama shanga zilizotungwa katika uzi mmoja, ambapo waweza kuanza na ushanga wowote. Na iko iliyo kama ngazi, ambapo aliyeruka kidato ana hatari ya kuanguka. Wale tuliosoma vitabu vya Muhammed Said Abdulla tunakumbuka kwamba Mzimu wa Watu wa Kale kilitolewa mwaka 1960, kikafuatwa na Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Vitabu vilikuwa adimu, na wengi wetu tulianza na kile tulichokiokota. Fumbo lilikuwa jipya kila mara, na Bwana Msa na kiko chake hakuchelewa kuzoeleka. Hizo zilikuwa shanga. Lakini mtu aliyeanza na Kosa la Bwana Msa, cha mwaka 1984, alipungukiwa na kitu tangu kwenye jina, maana hakujua kwa nini neno "kosa" likiwekwa kando ya jina lile limshtue msomaji. Hiyo ilikuwa ngazi.

Vivyo hivyo katika magemu haya. La kumi ni ushanga. Lakini mwaka 2003 ilitoka sehemu ya pili ya hilo hilo la kumi, na anayeanzia hapo anakuta msichana aliyefiwa na tumaini lake, asijue ni tumaini gani. Lile la saba nalo limetengenezwa upya kwa mafungu, la kwanza mwaka 2020 na la pili mwaka 2024, na hilo la pili linaendelea pale la kwanza lilipoishia. Hivyo namba pekee haitoi hukumu. Tunapaswa kuuliza: je, mahali hapa ninapoingia, kuna deni lililolipwa na wengine kabla yangu, ambalo nisipolijua nitalikanyaga?

Hapo ndipo mchezo ule wa kumi uliponishangaza, kwa sababu wenyewe umejengwa juu ya swali hili. Mhusika wake mkuu, kijana Tidus, anang'olewa katika mji wake wa Zanarkand na kutupwa katika nchi ya Spira, ambako anaambiwa mji wake ni magofu ya miaka elfu moja. Hajui lolote. Anauliza mambo yanayojulikana hata na watoto wadogo, nao watu wanadhani sumu ya Sin, lile dude kubwa linaloangamiza miji, imemvuruga akili. Anafuatana na Yuna, binti anayesafiri kwenda kupata nguvu ya kumwua Sin. Njiani Tidus anacheka na kupanga: tukimaliza safari tutakwenda huku, tutafanya hivi na hivi. Wenzake wananyamaza. Kila mtu anajua kwamba binti anayetumia nguvu ile hufa, na kwamba kifo chake huleta utulivu wa miaka michache tu kabla dude halijarudi. Tidus peke yake hajui. Anapokuja kuambiwa, anaumia kwa ajili ya kila neno la furaha alilokwisha kumwambia binti wa watu.

Lakini fuatilia linalofuata. Wenyeji wa Spira waliizoea dhabihu ile kwa vizazi vingi hata wakaiona sawa na kuchwa kwa jua. Tidus hakuizoea. Kwa kuwa alichelewa kufika, anakataa kuiona kuwa ni lazima. Anauliza kama hakuna njia nyingine, na wenzake, kwa mara ya kwanza, wanaitafuta. Yuna anaishi. Wahenga wetu walilisema kwa maneno manne: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo mchelewaji ana mambo mawili mkononi. Anaweza kuumiza kwa kutojua, na anaweza kuponya kwa kutozoea. Ya kwanza tumeyaona katika historia ya nchi yetu. Katika milima ya Uluguru, maofisa wa serikali ya kikoloni waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwa jina la kuhifadhi udongo. Walikuja katikati ya hadithi ndefu ya watu na mlima wao, wakaamuru kana kwamba hadithi inaanza siku waliyoshuka wao kwenye gari. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, na mpango ule ukaachwa. Kosa lao halikuwa kufika wakiwa wamechelewa. Walikosea kwa kutouliza waliotangulia walikuwa wanafanya nini, na kwa sababu gani.

Ya pili niliishuhudia katika shule moja ya msingi nilipokuwa bado mwalimu kijana. Wasichana walikuwa wakitolewa darasani saa ya nne kwenda kuteka maji ya nyumba za walimu. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Akaletwa mwalimu kutoka mkoa wa mbali, na katika juma lake la kwanza akauliza kwa upole, "Kipindi hiki wavulana wanasoma nini?" Ilikuwa ni hesabu. Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja. Haukupita muda, maji yakaanza kutekwa jioni, na wavulana na wasichana kwa pamoja. Sisi tulioanza sehemu ya kwanza ya shule ile tulikuwa na habari zote. Yeye aliyeanzia sehemu ya kumi alikuwa na macho.

Sasa nifike kwenye jambo lenye uzito zaidi. Katika magemu na vitabu, mwenye subira na fedha anaweza kurudi akaitafuta namba moja. Katika maisha hakuna duka la sehemu ya kwanza. Kijana anayezaliwa leo ameukuta Muungano wa 1964 na vyama vingi vya 1992. Hawezi kurudishwa akavishuhudie. Mwanamume anayeoa mjane mwenye watoto amezikuta nyimbo ambazo si yeye aliyewaimbia, na makovu ambayo si yeye aliyeyafunga. Tukimwambia mtu kama huyo kwamba hana haki mpaka aanzie mwanzo, tunamfungia mlango milele, na watoto nao tunawaacha bila baba. Namfahamu mmoja aliyeingia katika nyumba ya namna hiyo. Mwezi wa kwanza aliwaomba watoto wampeleke kwenye kaburi la baba yao, na tangu hapo kila mwaka wakawa wanalipalilia pamoja. Hakuigiza kwamba alikuwapo, wala hakutaka mambo yahesabiwe tangu alipoingia yeye. Watoto wale leo ni watu wazima, na ukiwauliza baba yenu ni nani, wanauliza kwanza: yupi?

Basi, hukumu niliyowapa vijana ilikuwa fupi. Kuanzia katikati ni halali kwa mwenye unyenyekevu wa kuuliza. Si halali kwa mwenye kiburi cha kudhani kwamba alipofika ndipo dunia ilipoanza. Mjukuu alifurahi kwa nusu ya kwanza na kijana wa jirani kwa nusu ya pili, nami nikaona kwamba bado nusu ya tatu haijasemwa, nayo inatuhusu sisi wazee.

Maana anayechelewa hawezi kuuliza pasipo wa kumjibu. Wako wanaoujua mwanzo wakaufanya geti: mtu akiuliza anaambiwa, "Wewe wakati huo hujazaliwa," na mazungumzo yanakwishia hapo. Ni kweli hakuwa amezaliwa, na ndiyo sababu anauliza. Anayejua mwanzo ana deni kwa anayekuja mwishoni, kama vile Spira nzima ilivyokuwa na deni kwa Tidus la kumwambia mapema yale ambayo wote waliyajua.

Kwangu mimi nimeanza kulilipa kwa njia ndogo. Katika kasha langu zimo picha za zamani: wanachuo wenzangu wa ualimu, walimu wa shule nilizofundisha, ndugu waliokwisha kutangulia. Nyuma ya nyingi hapakuwa na neno, kwa sababu siku zilipopigwa sote tulijuana. Sasa kila jioni nachukua chache, naandika kwa kalamu ya risasi majina kutoka kushoto kwenda kulia, na mwaka.