Usingizi wa Muumini Saa Zinapogeuzwa

Tangu mwaka 1916 watu wa Uingereza wameshika desturi ya kusogeza saa zao mbele na kisha kuzirudisha nyuma. Siku hizi huzisogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ule usiku wa Machi hupunguza saa moja ya usingizi, na wengi huamka na uzito kwa siku kadhaa. Sababu yake ni kwamba mwili wa mwanadamu haufuati tangazo la serikali, bali hufuata nuru na giza.

Hapa Nzuguni hatugusi akrabu za saa. Hesabu yetu ya Kiswahili huanzia macheo na machweo, na jua letu halibadiliki sana mwaka mzima. Lakini je, tumesalimika? Tangu mwaka 2023, serikali iliporuhusu mabasi kusafiri usiku kucha, wako ndugu katika kituo chetu kikuu cha mabasi ambao usiku wao umekuwa mchana. Mmoja wao anayeichunguza dini yetu aweza kuuliza: Nitaishikaje Sala ya Alfajiri, nami nimechoka hivi?

Jibu la kwanza: Sala haikufungwa kwenye akrabu. Kurani Tukufu (4:104) yafundisha kuwa Sala ni faradhi yenye nyakati maalumu, na aya nyingine (17:79) yazifunga nyakati hizo na kupinduka kwa jua, giza la usiku na alfajiri. Mkazi wa London ageuzapo saa, tarakimu tu ndizo hubadilika. Alfajiri hubaki pale pale.

Jibu la pili: usingizi nao ni neema. Mwenyezi Mungu ameutaja kuwa pumziko, na usiku kuwa vazi (78:10-11). Mtume Mtukufu s.a.w. hakupenda kulala kabla ya Sala ya Isha, wala mazungumzo baada yake. Basi anayekesha kwa porojo na simu asiilaumu Alfajiri kwa uzito wake. Ameuza usingizi wake mwenyewe.

Lakini anayekesha kwa riziki ya halali hayumo katika lawama hiyo. Na asali Alfajiri kwa wakati wake, ndipo alale chumbani penye giza na utulivu, aamkie Adhuhuri. Na kama usingizi ukimshinda pasipo kukusudia, asali mara aamkapo. Hivyo ndivyo alivyofundisha Mtume s.a.w.

Seyidna Ahmad a.s., katika sharti la tatu la Baiat aliloeneza Januari 1889, alitutaka tudumishe Sala tano na kujitahidi katika Tahajudi. Anayetaka kuamka usiku wa manane na aanze kwa kulala mapema baada ya Isha.

Mwenyezi Mungu atujalie usingizi wenye raha na kuamka kwenye ibada. Amin.