Kazi Mbili Mkononi, Tupime Nini?



Mara nyingi kisha ibada kijana anatufikia na karatasi yenye majina mawili. Ni mabwana wawili wanaomwita kazini, naye anataka tuombe ili ajue amfuate yupi. Tunaomba pamoja naye. Lakini je, kontra ameisoma? Wengi hawajaisoma. Wanajua hesabu ya mshahara tu.

Fundi mmoja wa umeme wa hapa Likasi alikuja hivyo. Kolwezi aliitwa na mtu anayepeleka wafanyakazi kwenye migodi ya wengine: dola 450 kwa mwezi. Hapa nyumbani aliitwa na karakana ndogo: dola 300. Sisi tulimwambia upesi aende Kolwezi. Nani asiyejua kwamba 450 inapita 300?

Mke wake peke yake ndiye aliyeuliza: mtoto akigonjwa, nani analipa?

Hatukumsikiliza, na ulizo lile lilikuwa kubwa kuliko mashauri yetu yote. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamdai bwana wa kazi amtunze mfanyakazi na jamaa yake katika ugonjwa. Karakana iliandika neno hilo katika kontra. Yule wa Kolwezi alijibu, "Tutaona." Tena kontra yake ilikuwa ya miezi 3. Toa kodi ya chumba, toa chakula cha mtu anayeishi mbali na mke wake, toa safari za kurudi: ile 450 inabaki ngapi?

Lakini hatusemi kwamba anayetoa mengi ndiye bwana mwema siku zote. Wazee wetu walijua Union Minière, iliyoanza mwaka 1906. Ilipotaka watu wakae na jamaa zao kambini wasirudi vijijini, iliwapa kontra za miaka 3, nyumba, posho, hospitali na shule, hata wakaiita kampani baba na mama. Gécamines ikarithi kazi hiyo. Mwaka 2003 ilianza kuwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10 000, na kuondoka huko kuliitwa kwa hiari. Wengi walikuwa hawajui kuishi nje ya mkono wa kampani. Basi tuulize pia: siku bwana huyu akiniacha, nitabaki na nini? Katika karakana ile kijana angejifunza kusuka mota, na ufundi huo hakuna anayeweza kumnyang'anya.

(Na anayekudai pesa kwanza ndipo akuandike kazi, huyo hatumpimi hata kidogo.)

Kijana alikwenda Kolwezi. Mwezi wa tatu kontra ilikwisha, haikuandikwa tena. Aliporudi, karakana ilikuwa imepata mwingine. Hakutulaumu, na hilo linatuuma zaidi.

Sasa kijana akituletea karatasi ya majina mawili, tunamwambia arudi na kontra zote mbili, na aje na mke wake.