Mgeni wa Msambweni

Alfajiri moja Msambweni, adhana inasikika, na katika chumba cha kupanga karibu na chuo cha utabibu cha KMTC msichana aliyetoka Kisii amepiga magoti, anawaombea wenzake. Mwenye nyumba wake ni mama wa Kidigo, na muda huohuo anatawadha uani. Kwangu mimi, swali zima la huduma ya wanafunzi limo katika nyumba hiyo.

CU, kama wanafunzi wanavyouita umoja wao wa Kikristo, huendeshwa na wanafunzi wenyewe. Huchagua viongozi, huhubiri, hupanga kesha, huchangishana nauli ya misheni. FOCUS Kenya imeziunganisha CU hizo tangu 1973, nayo huzipelekea washauri, si wakuu. Kijana wa miaka 20 hukabidhiwa kundi, na muda wake ukiisha hulikabidhi kwa mwingine. Naithamini sana desturi hii ya kukabidhi. Tumezoea makanisa ambamo kiti kimegeuka urithi wa familia. Hawa hujifunza kung'atuka kabla hawajaota mvi. Mwanglikana na Mpentekoste hukaa benchi moja, Biblia ikiwa mbele yao, na hilo nalo si dogo.

Lakini uinjilisti ndio unaopimwa kikweli huku Kwale, ambako wenyeji wengi ni Waislamu na mwanafunzi Mkristo mara nyingi ni mgeni. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, wakiwemo wana CU waliokuwa katika maombi ya alfajiri. Jeraha hilo halijafunga. Hofu iliyoachwa na mauaji hayo inaweza kumfanya kijana amwone kila jirani kuwa adui, au amwone kuwa nafsi ya kuhesabiwa tu. Kwa vyovyote, hajamwona mtu.

Mfikirie msichana yule akiwa zamu katika hospitali ya Msambweni. Mbele yake kalala bibi asiyeweza kujigeuza. Kumhubiria mtu asiye na uwezo wa kuinuka akaondoka ni kumvizia, na sioni Injili inavyoweza kupita mlango huo. Amgeuze, amwoshe, amsitiri, amletee maji. Bibi akimuuliza siku moja, "Mjukuu wangu, upole huu umeutoa wapi?" basi amjibu waziwazi, bila kuficha jina la Yesu. Mtume Petro aliwataka waumini wawe tayari kumjibu anayeuliza, tena kwa upole na heshima. Heshima hiyo ni sehemu ya ujumbe wenyewe.

Heshima hiyohiyo huanza na lugha: Agano Jipya limetafsiriwa kwa Chidigo, yaani Kidigo. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mpita njia: ni lazima mtu akae na wenyeji, awasikilize, asahihishwe neno kwa neno. Inasikitisha kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu hapa bila kujua salamu ya Kidigo, ilhali anajua idadi ya waliookoka kwenye misheni ya Diani.

Wewe uliyechaguliwa juzi kuongoza CU, kabla hujaenda kukodi vipaza sauti, nenda ukabishe hodi kwa mwenye nyumba wako. Mwamkie shikamoo, ukae mkekani, umuulize habari za watoto wake. Mpe jioni nzima.