Viti vya Nyumba ya Desemba



Ni nani kati yenu hajawahi kukesha akiipamba nyumba ambayo bado haina hata mlango? Mmepanga chumba kimoja Nairobi, Nakuru au Kericho. Redio ya jirani inalia, watoto wamelala sakafuni, na mawazo yamekwishafika Keroka, Nyansiongo au Suneka. Mama anatundika mapazia. Baba anapanga makochi. Watoto wanakimbizana migombani, na hakuna anayebisha hodi kudai kodi.

Ndoto hiyo si dhambi. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, na Bwana Yesu aliwaita mitume wake waliochoka waende naye faraghani wapumzike kidogo (Mk 6:31). Lakini nina swali moja kwenu: Katika ndoto yako, ni nani ameketi kwenye viti hivyo?

Chukueni mfano wa mume na mke ambao wangeweza kuwa majirani zenu. Walijinyima miaka mingi, wakajenga nyumba ya matofali kwenye kipande cha shamba walichogawiwa na baba, upande wa Nyamira. Mke aliota utulivu: siku chache tu asiamke saa kumi alfajiri, anywe chai yake akiwa ameketi. Mume aliota heshima: wenzake aliosoma nao waingie waone. Hakuna aliyekosea kwa kuota. Ila hawakuambiana hata siku moja. Mume akakopa kwa siri, akanunua makochi makubwa, zulia na kabati la vioo. Mke alipoyaona, neno lake la kwanza lilikuwa karo ya Januari.

Krismasi ikafika. Watoto wakakatazwa kukanyaga zulia kwa sababu ya matope. Mke akashinda jikoni akiwapikia wageni waliokuja kutazama makochi. Mama mkwe alivitazama vile vitambaa vyeupe, akaitazama miguu yake iliyotoka kuchuma majani chai, akarudi jikoni kwake penye moshi. Usiku, mume na mke walilala wamepeana mgongo. Walirudi mjini wamechoka kuliko walivyokuja, wakaacha kufuli mlangoni. Mvua za huku kwetu mnazijua. Desemba iliyofuata walikuta kuvu kwenye makochi na panya kabatini.

Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa pumziko. Mzaburi anatuonya kwamba Bwana asipoijenga nyumba, wajengao wanasumbuka bure (Zab 127). Na Bwana hajengi mahali ambapo mume na mke wanafichana.

Wazee wetu wa Kigusii walilijua jambo hili. Nyumba yao ilikuwa na upande wa mama penye moto, na ilikuwa na eero, mahali ambapo baba aliwakaribisha wageni wake. Kila mtu alijua pake. Walianza na watu, ndipo vyombo vikafuata.

Bwana Yesu naye alikuwa na nyumba ya kupumzikia, kule Bethania. Mtakatifu Luka hatuambii ilikuwa na viti vya namna gani. Anatuambia kwamba Martha alihangaika na kazi nyingi, na Maria akaketi, akasikiliza (Lk 10:38-42). Nyumba yenu ya likizo iwe na nafasi ya kuketi na kusikilizana.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, oteni pamoja. Chukueni daftari, kila mmoja aandike anachokitamani na sababu yake, kisha msomeane bila kuchekana. Kitu ambacho mmoja hajakubali kisikopewe hata shilingi.

Pili, andikeni majina ya watu kabla ya majina ya vyombo. Mama mkwe atakaa wapi bila kuogopa kuchafua? Kiti cha mbao chenye mgongo kitamfaa kuliko kochi. Baba mkwe, kwa heshima ya chinsoni, haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mtengenezeeni benchi zuri nje, barazani, aketi na wajukuu. Mkeka uwe wa kukanyagwa. Ukutani pawe na msalaba, na chini yake meza ndogo ya sala. Mwiteni padre aibariki nyumba, na mwaliko wa kwanza uwe wa jumuiya ndogo ndogo, hata kama mtakunywa uji tu.

Tatu, msingoje Desemba. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, aliiita familia kanisa la nyumbani. Hata chumba kimoja cha kupanga ni kanisa hilo. Jumapili baada ya Misa, zimeni redio, baba amenye viazi, mama aketi, watoto wasimulie ya shule. Wasiojua kupumzika pamoja kwenye viti viwili vya plastiki hawatajifunza kwenye makochi.

Zungumzeni usiku wa leo: Je, mwenzangu anajua nyumba ninayoiota? Je, ndani yake nimemwekea kiti?

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Amina.