Barabara Kimya ni ya Nani?

Kila Ijumaa jioni, kwenye grupu za WhatsApp za watu wa baiskeli hapa Nairobi, swali ni lile lile: "Nani ana njia poa, haina magari mengi?" Hatuulizi kwanza habari ya mandhari, wala umbali. Tunauliza magari. Ukishasukumwa mtaroni na matatu mara mbili tatu, unajua kwamba anasa kubwa ya mwendesha baiskeli si baiskeli ya bei. Ni barabara kimya.

Jibu langu kwenye grupu, kwa muda sasa, limekuwa Kiritiri. Unafika Embu mapema, unakunywa chai, unashika barabara ya kwenda Kangonde, ile inayokwenda kukutana na barabara ya Thika na Garissa. Mji wa Embu uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, katikati ya migomba na kahawa. Kutoka hapo unashuka. Kahawa inakwisha, hewa inakauka, udongo unageuka mwekundu, na migunga inachukua nafasi ya miti mirefu. Ukifika Kiritiri, makao makuu ya Mbeere Kusini, tayari uko Kenya nyingine. Mbele yako, chini zaidi, kuna mabwawa ya mto Tana. Asubuhi isiyo na mawingu ukigeuza shingo unauona Mlima Kenya nyuma, na upande mwingine kilima cha Kiang'ombe. Zinaweza kupita dakika kumi usisikie injini hata moja. Unasikia mnyororo wako, njiwa, na kengele ya mbuzi.

Ni raha, sikatai. Lakini nimekuwa nikijiuliza kimya hicho kimetengenezwa na nini, na kama kuna ubaya wowote kukifurahia.

Neno tunalolipenda kwenye grupu ni "tupu". Njia tupu. Sasa, ukihesabu magari, barabara za Mbeere ni tupu kweli. Ukihesabu baiskeli, hazina utupu wowote. Kuna mzee amefunga mitungi minne ya maji kwenye Black Mamba yake, anaisukuma mlimani akiwa ameinamia usukani. Kuna kijana na gunia la ndengu kwenye keria. Kuna watoto wawili kwenye baiskeli moja, mmoja akipiga pedali, mwingine akishikilia mikoba ya shule. Hawa wote ni waendesha baiskeli, tena wa kila siku, na wanabeba mzigo ambao wengi wetu tungeshindwa kuusogeza. Ila ramani za simu zetu, zile zinazoonyesha wapi "watu huendesha", zinahesabu wale tu wenye programu. Mzee wa mitungi hayumo. Kwa ramani, amepita mahali ambapo hakuna mtu.

Kimya cha mahali kina historia. Mbeere iko upande mkavu wa kaunti ya Embu. Misimu ya mvua ni miwili, kuanzia Machi na kuanzia Oktoba, na wote wawili unaweza kukuangusha. Mvua ikikosa, ndengu na kunde hazijai gunia, na gunia lisipojaa, lori halina sababu ya kuja. Vijana wanapanda matatu kwenda Embu, Thika, Nairobi. Kimya ninachokifurahia Jumamosi ni mavuno ambayo hayakupatikana, na ni watu wa rika langu ambao hawako nyumbani.

Halafu kuna mabwawa. Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Tukifika pale huwa tunaegemeza baiskeli na kupiga picha maji yanavyong'aa. Chini ya maji hayo kulikuwa na mashamba na malisho. Kiambere peke yake ilihamisha maelfu ya watu. Umeme ulisafiri kwa nyaya kubwa kwenda kuwasha miji, na kwa miaka mingi nyaya hizo zilipita juu ya nyumba zilizokuwa zikiwasha koroboi. Ule utulivu wa ukingo wa bwawa, usio na kijiji wala kelele, una watu waliouacha.

Najua kuna mtu atasema: mazee, si useme tu unataka Ufaransa? Kweli, ndoto yetu ya barabara kimya imetoka huko kwa sehemu kubwa. Kila Julai tunaangalia Tour de France, kamera ikielea juu ya njia nyembamba kati ya mashamba, kijiji cha mawe, mnara wa kanisa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda mbio hizo mara nne. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu na kurudi na jezi ya kijani. Kwa hiyo mashamba yale si ya kigeni sana kwetu tena. Tunayaona kama mbingu ya wenye baiskeli.

Lakini hata mbingu hiyo ina makaburi. Mkoa wa Creuse, katikati ya Ufaransa, una njia ambazo mwendesha baiskeli yeyote angezililia, na umepoteza zaidi ya nusu ya watu wake tangu katikati ya karne ya 19. Walienda mijini kujenga nyumba za wengine, na wengi hawakurudi. Mwaka 1947 mwandishi Jean-François Gravier alitoa kitabu kilichoiita nchi yote nje ya Paris jangwa. Na karibu kila kijiji, hata kile chenye mlango mmoja tu ulio wazi, kina nguzo yenye majina ya vijana waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Unapita kwa baiskeli, unasema, "kumetulia kweli." Kumetulia kwa sababu waliokuwa na kelele walikwenda.

Sasa je, tusifurahie? Rafiki yangu mmoja aliniuliza hivyo tukiwa tumekaa Kiritiri tunakula chapati na kunde. "Hata jua kuzama ni vumbi tu," akasema, "na bado unapiga picha." Ana hoja. Raha yangu haimpunguzii mtu yeyote maji kwenye mtungi. Kujisikia vibaya kwenye baiskeli hakuleti mvua. Watu wa mjini tunapenda sana kugeuza shida ya wengine kuwa huzuni yetu wenyewe, halafu tunaona tumefanya kazi.

Kwa hiyo siiweki hatia kwenye raha. Ninaiweka kwenye matakwa. Kuna kipimo kimoja kinachonisumbua: je, ningependa barabara hii ibaki hivi? Wakisema kesho kwamba njia za vumbi za ndani zinatiwa lami, kwamba malori yatakuja kuchukua maembe na ndengu kabla hazijaoza, kwamba gari la wagonjwa litafika kwa nusu saa badala ya saa mbili, je, moyo wangu utaruka au utashuka? Kama utashuka hata kidogo, basi nimekuwa nikiombea umaskini wa watu ili Jumamosi yangu iwe tamu. Hilo ndilo baya. Na nadhani wengi wetu, tukijichunguza vizuri, tutakuta kamtu kadogo ndani yetu kanakosema, "waache tu ilivyo."

Nilimwuliza yule mzee wa mitungi. Alikuwa amesimama kupumzika kwenye kivuli, na nilikuwa nimeishiwa maji. Nikamsalimia, tukazungumza. Nikamwambia, mzee, watu wa mjini tunapenda hapa kwa sababu hapana magari. Akacheka kwa heshima, ile ya kumcheka mgeni. "Kijana, mimi nataka magari," akasema. "Gari likija, duka linakuja. Lakini dereva anione. Sasa hivi magari ni machache na hawanioni."

Hapo ndipo niliposhika kitu ambacho kilikuwa kikinipita. Tumezoea kudhani barabara kimya ni barabara salama. Kule Mbeere ukimya ndio unaomwita dereva akanyage mafuta. Pick-up ya muguka inapita kama risasi, kwa sababu jani la muguka halingoji. Likikauka limekwisha bei. Na linakimbizwa kwenda wapi? Huku kwetu. Sisi wa mjini tunaotaka muguka mbichi jioni ndio tunaolipia mguu wa yule dereva, na Jumamosi tunakwenda kutafuta amani kwenye barabara ile ile. Mzee anashuka kando na mitungi yake minne, anasubiri vumbi litulie, anapanda tena.

Kwa hiyo kuna kimya cha namna mbili. Cha kwanza ni kimya cha upungufu: magari hayapo kwa sababu pesa haipo, watu hawapo, mvua haipo. Cha pili ni kimya cha heshima: magari yapo, lakini aliye na nguvu amepunguza mwendo kwa ajili ya asiye nazo. Cha kwanza hakimlindi mtu, na hakidumu. Siku lami ikifika kinakufa. Cha pili kinatengenezwa na watu kwa makusudi.

Ufaransa wenyewe wameanza kujifunza tofauti hiyo. Kule, dereva akimpita mwenye baiskeli ndani ya mji lazima aache nafasi ya angalau mita moja, na nje ya mji mita moja na nusu. Na tangu sheria iliyopitishwa Julai 1985, inayojulikana kwa jina la waziri Badinter, gari likimjeruhi mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli, kwa kawaida upande wa gari ndio unaomlipa fidia ya mwili wake, hata kama naye alikuwa na makosa kidogo. Wazo lililo nyuma yake ni rahisi, na bibi yeyote wa Mbeere angelikubali bila wakili: aliyebeba tani moja ya chuma ana deni kwa aliyebeba mwili wake tu.

Kwetu, barabara zimeua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa zaidi ni wale wanaotembea kwa miguu. Hao wengi hawakuwa wanatafuta njia tulivu. Walikuwa wanatoka sokoni.

Hii inanidai nini mimi, mtu wa Jumamosi? Si mengi makubwa. Kusalimia, kwanza, kwa sababu mahali penye watu si mahali patupu. Kupunguza mwendo sokoni Kiritiri hata kama nafuatilia dakika zangu. Kununua maji na maembe pale pale badala ya kubeba kila kitu kutoka supamaketi ya mjini. Kuacha neno "tupu". Na Jumapili nikiwa ndani ya matatu, dereva akivuta mwendo na abiria wakishangilia kwamba tutafika mapema, kufungua mdomo. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko kilima chochote cha kurudi Embu, maana kwenye baiskeli natoa jasho tu, lakini kwenye matatu natoa aibu.

Na kubwa zaidi ni kutaka kilicho sawa. Nataka lami ifike Kiambere na vijiji vyote vya ndani, na malori yaje, na vijana wa rika langu wapate sababu ya kubaki. Nataka ukingo wa barabara uwe mpana wa kutosha Black Mamba yenye mitungi minne. Ikiwa hivyo, mtu mwingine kwenye grupu ataandika kwamba Kiritiri imeharibika, magari yamejaa, tutafute kwingine. Na mtoto atakuwa anakwenda shule kwa baiskeli kati ya magari hayo, bila kulazimika kushuka kando.

Njia yangu nitakuwa nimeipoteza. Hiyo ni hasara ninayoweza kuibeba.