Wema wa Kitu Kikuukuu
Katika milima ya Norwe, mbao kuukuu za kutelezea juu ya theluji hazifai kuchaguliwa kwa umri wala urembo, bali kwa uzito wa mwenye kuzivaa pamoja na mzigo wake. Kila ubao umebinuka katikati mfano wa upinde. Mtu mwepesi mno hawezi kuushindilia, basi hukosa mshiko akipanda. Mzito mno huulaza daima, na mwendo wake hukwama. Je, ubao huo ni mwema au mbaya? Swali halina jawabu mpaka mtu atajwe. Wema haukai katika kitu peke yake. Hukaa katika ulinganifu wake na mtumiaji. Lami ya msonobari huulinda mti, lakini haiponyi uchaguzi mbaya. Ajidanganyaye dukani husahihishwa mlimani, mbali na msaada.