Mkono Uliofungwa kwa Kanga: Tafakari Kutoka Kunduchi Mtongani



Leo naomba tuanze kwa kufanya kitu kidogo. Weka kidole chini ya koo, pale kola ya shati inapokutana, kisha kisogeze taratibu kuelekea begani. Umeusikia huo mfupa mwembamba uliolala kama kijiti? Huo ndio mtulinga. Unao wa kulia na wa kushoto. Mwezi uliopita nimeusoma sana mfupa huu, na si kwa ajili ya mtihani. Rafiki yangu aliuvunja.

Yeye ni dereva wa bodaboda hapa Kunduchi Mtongani. Nikiwa likizo tunasali jumuiya moja. Jioni moja ya mvua alikwepa shimo, pikipiki ikateleza, akaangukia bega la kulia. Abiria hakuwepo, tunamshukuru Mungu. Lakini pikipiki si yake, na kila siku anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri. Siku ya nne akatumwa kijana mwingine kuja kuichukua.

Nilipoenda kumwona nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, mkono umening'inizwa shingoni kwa kanga ya mama yake. Mimi nina shahada ya falsafa, jamani, nikaona hapa ndipo pa kuitumia. Nikamwambia kwamba kila jambo lina kusudi lake. Akanitazama kidogo, akasema, "Frateri, kusudi halipeleki hesabu." Akanyamaza. Halafu akaongeza, "Mwanaume asiye na mkono ni mdomo tu. Sasa hivi mimi ni mdomo. Nakula jasho la mama."

Kiukweli sikuwa na jibu. Tafakari hii ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile.

Mkono ni kazi ya ajabu

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206. Mtoto mchanga anazaliwa na vipande karibu 300, vingi bado ni laini, na kadiri anavyokua vinaungana. Katika ile 206, mikono miwili peke yake imebeba 64, yaani 32 kila upande. Tuihesabu: mtulinga mmoja, kombe la bega moja, mfupa mmoja wa mkono wa juu, miwili kati ya kiwiko na kiganja, minane midogo ya kifundo cha mkono, mitano ya kiganja, na kumi na minne ya vidole. Kila kidole kina mitatu, ila gumba lina miwili.

Sasa nyosha mkono mbele, kiganja kikitazama juu, kama unapokea Komunyo Takatifu mkononi. Ile mifupa miwili ya chini ya kiwiko imelala sambamba. Geuza kiganja kitazame chini: mfupa wa upande wa gumba umepita juu ya mwenzake, wamepishana kama msalaba. Unafanya hivyo mara ngapi kwa siku bila kujua? Kufungua mlango, kugeuza chapati.

Begani napo ni hivyo hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kibakuli kifupi sana, kama limao juu ya kizibo cha soda. Ndiyo maana bega lina uhuru kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na ndiyo maana pia linateguka kirahisi kuliko viungo vyote vikubwa. Limeshikwa na misuli na kano zinazolizunguka. Uhuru wake unategemea kushikwa. Vijana, hapo pana mada nyingine nzima, lakini leo tuipite.

Nani anamtegemea nani?

Zamani Wagiriki walibishana kuhusu mkono. Anaxagoras alisema binadamu amekuwa na akili kuliko wanyama wote kwa sababu ana mikono. Aristotle akamkatalia. Akasema ni kinyume chake: binadamu amepewa mikono kwa sababu ana akili, maana kifaa hupewa anayejua kukitumia. Karne nyingi baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliiendeleza hoja hiyo: wanyama wamepewa pembe na kucha, binadamu amepewa akili na mikono, ili ajitengenezee mahitaji yasiyo na idadi.

Hata sisi Watanzania tuna ushahidi wetu wa mkono. Mwaka 1960, kule Olduvai, ilipatikana mifupa ya mkono ya kiumbe wa kale sana, na mwaka 1964 wataalamu wakampa jina la Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi, kwa kuwa walimhusisha na zana za mawe zilizopatikana huko. Hebu fikiria: walimpa jina kwa kutazama kazi ya mikono.

Na sisi ndivyo tunavyofanya. Tukikutana na mtu tunauliza, "Unafanya kazi gani?" Akisema hana kazi, mazungumzo yanapoa. Rafiki yangu aliposema yeye ni mdomo tu, alikuwa amekubaliana na Anaxagoras bila kumsoma. Aliamini kwamba mkono ndio uliomfanya yeye awe mtu.

Rudi kwenye mtulinga. Mtulinga ndio mfupa pekee unaounganisha mkono na mifupa ya kifua. Mkono mzima umening'inia kwenye kiwiliwili kupitia kijiti hicho na misuli. Yaani mkono ndio unaobebwa na mwili. Mwili haubebwi na mkono.

Yule mtu wa sinagogi

Fungua Injili ya Marko, sura ya 3, aya ya 1 hadi 6. Siku ya Sabato kuna mtu mwenye mkono uliopooza. Luka, ambaye mapokeo yanasema alikuwa mganga, anaongeza kwamba ulikuwa mkono wa kulia. Injili haitwambii alikuwa na kazi gani. Lakini mkono wa kulia ukifa, mnajua wenyewe maisha yanavyokuwa.

Angalia mpangilio wa matendo ya Bwana. Kabla hajamponya, kwanza anamwita asimame katikati ya watu. Mkono bado umepooza. Bado hana faida yoyote kwa mtu yeyote. Ila nafasi yake katikati ameshapewa. Uponyaji unakuja baadaye. Wale wengine walikuwa wanamtumia kama mtego wa kumnasa Yesu, lakini Yesu alimwona kama mtu.

Na huyu Yesu si mgeni wa kazi za mikono. Marko 6:3 inasema watu wa kwao walimjua kama seremala. Viganja vyake vilijua mbao kabla ya kujua misumari. Halafu Ijumaa Kuu mikono hiyo iliyofanya kazi na kuponya ikapigiliwa, isiweze kufanya chochote. Hapo ndipo alipotuokoa. Ndugu yangu uliyelala na mkono kwenye plasta, saa ile ambayo mikono ya Mwokozi haikuweza kazi ndiyo saa iliyozaa wokovu wako.

Mama yake

Mama wa rafiki yangu anaponda kokoto. Wanaoijua Mtongani wanajua machimbo yale na sauti ya nyundo toka asubuhi. Nilimfuata huko siku ya pili, maana nilitaka kumwomba msamaha kwa maneno yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Frateri. Kaa hapo kwenye ndoo."

Nilikaa. Nikaomba nyundo nimsaidie. Sitasema nilidumu kwa muda gani, ila malengelenge yalikuja kabla karai halijajaa. Alicheka. Nikamweleza kile mwanae alichosema, kwamba yeye ni mdomo tu. Aliacha kugonga. Vidole vyake vimekakamaa, havifungi vizuri, na siku zote nimeona kwenye Misa, wakati wa kutakiana amani, anainamisha kichwa tu na kuficha mkono kwenye kanga.

Akasema, "Mkono huo niliuosha mimi kabla haujajua kushika kitu."

Akaendelea kugonga.

Vijana, mimi nimekaa darasani miaka mitatu na Aristotle, na jibu nikalipata juu ya ndoo. Alimpenda kabla mkono ule haujafanya kazi hata moja. Hivyo ndivyo Mungu alivyokupenda.

Mfupa unaponaje

Mfupa ni kitu hai. Una damu, una seli, unajivunja na kujijenga kila siku. Ukivunjika, kwanza damu inaganda pale penye ufa. Kisha mwili unaweka daraja laini, halafu daraja hilo linakuwa gumu, halafu kwa miezi mingi linachongwa hadi likaribie umbo la zamani. Mtulinga wa mtu mzima kwa kawaida unahitaji wiki 6 hadi 12, na mara nyingi unapona kwa kutulizwa tu, bila upasuaji. Daktari hauungi mfupa kwa nguvu zake. Anauweka mahali pake na kuushikilia, mwili unafanya mengine.

Kwa hiyo ile kanga ya mama si pambo. Ni kitu kingine kinabeba uzito ili kilichovunjika kipate muda. Paulo aliwaagiza Wagalatia wabebeane mizigo (6:2). Ndiyo kazi ya jumuiya.

Na kwa kuwa wengi wenu mnapanda bodaboda, nisiwaache hivi hivi. Vaa helmeti. Mwenzako akianguka na mkono ukauma sana au umepinda, usiuvute, usiukande. Mvue pete na bangili kabla ya uvimbe. Funga kanga shingoni ubebe mkono, umpeleke hospitali. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vina ganzi, au mfupa umetoboa ngozi, hiyo ni dharura. Tuna hata Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Usikimbilie kufungwa vijiti vya kubana. Kubana kupita kiasi kunaweza kuua mkono mzima.

Jumamosi

Jumamosi iliyofuata tulienda vijana saba machimboni kumsaidia mama. Tuliponda kidogo sana, tuseme ukweli, ila karai tulibeba. Rafiki yangu alikuja, mkono kwenye kanga. Hakuweza kugonga wala kubeba. Alikaa akatuhesabia ndoo na kututania. Pikipiki haijarudi, na sijui kama itarudi. Lakini Jumapili, wakati wa amani, alininyoshea mkono wa kushoto. Mama yake akanipa wa kulia, ule anaoficha. Ni mgumu kama jiwe. Nikaushika kwa mikono miwili.

Jambo la mwisho. Mtulinga ni kati ya mifupa ya kwanza kabisa kuanza kuwa mfupa tumboni mwa mama, na ni wa mwisho kumaliza kukomaa: ncha yake ya ndani inafunga mtu akiwa kwenye miaka ya ishirini na kitu. Wengi wetu tunaosoma hapa, mtulinga wetu bado Mungu anaumalizia. Usijihukumu kana kwamba kazi imekwisha.

Ya kujiuliza wiki hii

1. Ni nani jirani yangu "asiye na mkono", ambaye nimeacha kumtembelea kwa sababu hana faida?
2. Nikiugua kesho nisiweze kazi, je, nitaamini kwamba bado ninapendwa?
3. Nani anahitaji niwe kanga yake?

Tusali

Ee Bwana Yesu, mikono yako ilifanya kazi Nazareti na ikapigiliwa Kalvari. Wakumbuke wote walioumia mikono, wanaoponda mawe, wanaoendesha usiku kutafuta hesabu. Utuweke katikati kama ulivyomweka yule wa sinagogi, na utufundishe kubebana. Mama Maria, uliyeiosha mikono ya Mwanao kabla haijatenda muujiza wowote, utuombee. Amina.